Injini ya Boti Juu ya Mgeta

Vita vilipoikaribia Morogoro, fundi mkuu Mjerumani aliniita karakana ya stesheni nitambue injini mbili. Moja ilitolewa katika boti kuukuu la mbao lililokuwa likipita mto Ruvu. Ya pili ilikuwa ya kusagia nafaka. Vibao vya majina vya injini zote mbili vilikwisha kung'olewa, na boti lenyewe lilikwisha kuchanwa kuni. Aliitaka ya boti peke yake, ibebwe kuvuka milima hadi Kisaki, ikafungwe katika boti jingine.

Zamani nilipelekwa Ujerumani kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, nikabaki kusoma mitambo hadi nikahitimu. Kwa hiyo nilijua pa kupapasa. Injini ya boti haipozwi kwa maji ya pipa, kama ya kusagia. Huyanyonya ya mto kwa pampu ndogo ya shaba, kisha huyatema pamoja na moshi. Ile kubwa zaidi ilikuwa nayo, na ndani ya pampu mlikuwa na mchanga wa mto.

"Ni hii, Bwana."

Ndipo askari walipowaleta wachukuzi. Miongoni mwao alikuwamo mjomba wangu, kaka wa mama, mzee mwenye kifua kibovu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo uliyonichagulia hii, mpwa wangu? Hukumwona yule mwenye kiuno chembamba?" Akainyoshea kidole injini ndogo. Wenzake wakaangua kicheko. "Alikataa nimchagulie mke, leo yeye ananichagulia mzigo!"

Nilimwomba fundi nibebe mimi badala yake. Alijibu kwamba wachukuzi ni wengi, wasomi ni wachache. Mjomba akainamia mti wa kubebea. Safari hii hakutania.

"Nikifia huko, njoo unimwagie pombe. Usiache jina langu lilale nje."

Kwetu Waluguru, jina la mjomba hurithiwa na mpwa, lakini sharti kwanza ammwagie pombe kaburini. Bila hivyo jina haliitwi tena na mtu yeyote.

Hakurudi. Wajerumani walipokwisha kupita, nilipanda milimani na kibuyu cha pombe aliyoipika mama. Juu ya Mgeta, kando ya njia, injini ililala ubavu katika magugu. Niliitambua kwa mbali, kwa ile shaba. Kando yake palikuwa na matuta ya udongo, mengi, yote sawa.

Mama mmoja alikuwa akipalilia maharage jirani.

"Wachukuzi waliwazika wenzao, mbio mbio," alisema. "Majina nani angeuliza, baba?"

Nilizunguka matuta yale hadi jua likageuka. Nilitafuta kitambaa, kigae, jiwe lililowekwa kwa makusudi. Hapakuwa na kitu. Na pombe haimwagwi kwa kubahatisha: ukimmwagia mfu wa watu, umeuchokoza ukoo wake, na mfu wako bado ana kiu.

Nilishuka hadi nyumbani. Mama alikipokea kibuyu mlangoni, akausikia uzito wake, akaketi chini.