Keki Yenye Mapezi

Shemeji yangu huoka keki jikoni kwake, na mtu akimsifu hujibu kwamba sifa aipe oveni. Mumewe, kaka yangu, tulimwita Bampa. Kwa miaka arobaini alinyoosha bodi za magari kwa nyundo na kiganja, enzi zile gari lilipokuwa na kiuno, na nyuma mapezi mawili kama ya samaki, yamepanda utadhani linataka kuruka. Haya ya leo yote yanafanana na kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa. Likibonyea, mtu anang'oa plastiki na kubandika nyingine, naye anajiita fundi.

Karakana ilipofungwa, Bampa aliketi kwenye kiti cha dirishani na hakunyanyuka tena ila kwa kula na kulala. Miezi minne. Shemeji alikonda kwa kumtazama. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe ainuke.

Siku Bampa alipotimiza miaka sabini, shemeji akaamua kumwokea lile gari la kijani la zamani alilolipenda kuliko yote. Nilifika mapema kusaidia, yaani kuonja.

"Shemeji, hilo ni gari au kiatu?"

"Kiatu ni huo mdomo wako. Nipe kisu."

Mapezi yalikuwa mafupi, moja limelala upande. Alikuwa akiyafunika kwa sukari ya kupambia, tabaka juu ya tabaka. Mara nikasikia kiti cha dirishani kikilia.

"We mwanamke!" Bampa alikuwa mlangoni, miwani usoni. "Unapaka puti?"

Puti ndiyo ile rojo ya kuzibia mabonde ya bodi. Kwake yeye, fundi wa puti alikuwa mwizi tu.

"Sasa nifanyeje, mume wangu? Mimi nyundo naijua?"

"Kwangua yote."

Akakata kigezo cha mapezi kutoka kwenye boksi la viatu, bila kupima, kwa kukumbuka tu. Akachonga taratibu, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja juu ya keki, kama alivyokuwa akitafuta bonde kwenye bati. Mikono ambayo asubuhi hiyo ilimwaga chai sasa ilikuwa imetulia. Shemeji akageukia sinki, akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Wageni walipofika, gari lilikuwa mezani, kiuno chake na mapezi yake. Binti yao akashika kisu.

"Weka chini," akasema Bampa. "Hiyo haikatwi."

"Baba, ni keki!"

"Mnataka kuligonga siku ya kwanza barabarani?"

Wageni wakatazamana. Shemeji, bila haraka, akafungua kabati na kutoa keki nyingine, ya duara, isiyo na pambo lolote.

"Nimeishi na fundi bodi miaka thelathini na nane," akaniambia, akinikatia kipande chembamba makusudi. "Ungeoka moja, wewe?"

Bampa alikuwa akiizunguka meza, akichungulia gari lake kutoka kila upande. Kiti cha dirishani alikikalia mgeni.

Nilimuuliza shemeji kama lile pezi alilipindisha kusudi. Naye akaniuliza kama nimeshiba.