Maneno Yasiyofaa

Nimeshainuka kitini mara tatu tangu niianze karatasi hii. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama kama nimefunga gesi, na nilikuwa nimeifunga. Mara ya pili nilidhani nimesikia hodi. Mara ya tatu sikuwa hata na kisingizio; nilisimama tu mlangoni nikaitazama njia, nikarudi. Mume wangu ameniuliza kama kiti kina kunguni. Nimemwambia nina kazi. Hakuuliza kazi gani, maana anaijua, na tangu mambo yale yatokee amekuwa akinichunga kama maziwa yaliyo jikoni.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Nilikuwa mwalimu wa chekechea hapa Msambweni mpaka mgongo uliponikatalia kuinamia watoto, na kwa miaka kadhaa sasa mimi ni mfuatiliaji wa matukio ya chuki. Cheo hicho kinasikika kikubwa. Ukweli ni kwamba nina faili la manjano, kalamu mbili na kidau cha wino wa kutilia dole. Mtu akipigwa, akitukanwa, akifukuzwa au akiharibiwa mali yake kwa sababu ya kabila lake, dini yake, ulemavu wake au umri wake, mimi hujaza fomu. Fomu huenda Kwale mjini, Kwale huziunganisha na za wengine na kuzipeleka Nairobi, na huko ndiko nchi inakojulia ni wapi watu wake wanachukiana na kwa kiasi gani. Na ikishajua, inatakiwa ifanye jambo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

Tuliambiwa Diani, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya mashine, kwa siku mbili. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mpole wa sauti. Aliweka jiwe juu ya meza, jiwe la kweli la pwani lenye vitundu, akasema limevunja dirisha la mtu, je, limevunja kwa sababu gani? Tukakisia: wivu, ulevi, watoto. Akatusikiliza sote kisha akasema jiwe halitatuambia kitu. Atakayetuambia ni aliyelitupa, kwa yale aliyoyasema alipokuwa akilitupa. Kwa hiyo tuandike maneno kama yalivyotoka, neno kwa neno, hata yakituchoma ulimi; tusipoyaandika, hiyo si chuki tena, ni dirisha limevunjika tu. Niliipigia mstari sentensi hiyo. Mara mbili. Cheti changu kimetundikwa ukutani kando ya kalenda, na siku hizi nikipita hapo natazama upande mwingine.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuja asubuhi moja kutoka Ramisi akiwa nyuma ya bodaboda, amevaa leso zake za kutembelea watu. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya makuti, iliyotengwa na shamba la miwa kwa njia tu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaulizia hali ya kila mtu nyumbani kwangu mmoja mmoja, hata paka. Alikunywa chai kikombe kizima. Ndipo akasema jana, baada ya sala ya adhuhuri, watoto watatu wa baba yangu mkubwa walikwenda kwake, wakayang'oa makuti ya upande mmoja wa paa na kuuvunja mtungi wake wa maji.

Mtoto wa mmoja wao alikuwa amefariki mwezi ule kwa homa. Watu walitafuta wa kumlaumu, na macho yakatua kwenye nywele za shangazi, ambazo zilikuwa nyeupe pe. Huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Wapo wazee kadha wa kadha wanaopaka nywele rangi, wala si kwa urembo.

Shangazi aliniambia walivyosema. Alisema mara moja tu, macho yake yako kwenye kikombe kitupu: "Walisema, wewe mchawi, mvi zako zinatumalizia watoto. Tukikukuta hapa siku ya kuchoma miwa, tutakuchoma pamoja nayo."

Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika. Ninayo nakala ya fomu ile hapa mbele yangu. Mwandiko ni mzuri, mwandiko wa mwalimu. Imeandikwa hivi: *Watu watatu wa ukoo walifika nyumbani kwake, wakaharibu sehemu ya paa na mtungi, na kumtolea maneno yasiyofaa.*

Maneno yasiyofaa. Nitajaribu kueleza, ingawa nikieleza nahisi joto usoni. Kwetu mtu hufundishwa kusitiri kabla hajafundishwa kusoma. Neno chafu halirudiwi, hata na anayelishitaki. Katika kikao cha ukoo mzee atasema fulani alitoa maneno yasiyofaa, na wote watainamisha vichwa, na kila mmoja atajua. Mimi mwenyewe nimeyaandika maneno hayo mawili katika daftari za shule kwa miaka ishirini na zaidi, kila mzazi alipokuja kumshitaki jirani yake. Kumwandika shangazi yangu, mwanamke aliyeniogesha, na kando ya jina lake kuandika lile neno, niliona ni kumtukana mara ya pili na mara hii kwa wino.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu mbaya ni kwamba wale watatu ni kaka zangu. Mkubwa wao ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Jina lao la ukoo ndilo langu, na fomu ile ingesomwa Kwale na watu wanaonijua. Nilimsitiri shangazi, ndiyo, lakini nilijisitiri na mimi, na shuka lilikuwa dogo, halikututosha sote.

Kanuni inataka mwenye malalamiko asomewe kabla ya kutia dole. Nikamsomea. Akauliza, "Ndiyo hayo tu?"

Nikamwambia watu wa Kwale wataelewa. Akachovya dole gumba la kulia katika wino, akalikandamiza chini ya mwandiko wangu mzuri.

Hawakuelewa, na wangeelewaje? Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: tukio limewekwa katika fungu la mizozo ya kifamilia, linarudishwa kwa chifu. Chifu akalirudisha kwa wazee wa ukoo. Wazee wakaitisha kikao, ikasomwa fatiha, ikanywewa kahawa, na kaka yangu mkubwa akaubusu mkono wa shangazi mbele za watu. Makuti mapya yakaletwa. Nilitoka pale nimefurahi, nikijiambia kwamba mambo yakisemwa kwa adabu huisha kwa adabu. Nikikumbuka furaha ile natamani nimtafute yule mwanamke niliyekuwa siku hiyo nimtingishe mabega.

Nami nikaongeza mchango wangu. Nilinunua piko, nikamketisha shangazi kwenye kigoda uani kwangu, nikampaka nywele zote mpaka zikawa nyeusi ti. Alijitazama katika kioo akasema sasa tumtafutie mume. Tukacheka. Kisha akaushika uso wake uliojaa mikunjo, akaniuliza kwa sauti ile ile ya mzaha, "Na huu je, utaupaka nini?" Mimi nikaendelea kucheka peke yangu kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Sikutulia baada ya hapo. Kila Ijumaa nilitafuta sababu ya kwenda Ramisi, mara nampelekea sukari, mara naulizia muhogo. Nikifika naitazama miwa kwanza, imerefuka kiasi gani, kabla sijamtazama yeye. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale. Hayakuwa kwenye karatasi, basi yakakaa kwangu.

Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaondoke na wakataji waweze kupita. Siku hutangazwa, watu wakaanua nguo zao kwa sababu ya masizi. Shamba lile limechomwa miaka na miaka, na moto haujawahi kuivuka njia, ambayo inatosha lori kupita. Mwaka huu ulivuka, au ndivyo ilivyosemwa. Alasiri, wakati moshi ulikuwa umetanda na kila mtu anatazama upande wa shamba, nyumba ya shangazi iliwaka. Alikuwa ndani amelala kidogo. Alitoka kwa mlango wa uani, na huo mlango una komeo la chuma. Alilivuta kwa mkono wa kulia likiwa limeshapata moto.

Nilimkuta hospitali, mkono umefungwa bandeji kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Piko ilikuwa imeshaanza kutoka, mvi zinachungulia kwenye mizizi. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula.

Kituoni, katika kitabu cha matukio, iliandikwa kwamba moto wa miwa ulivuka njia na kuteketeza nyumba moja ya makuti. Ajali. Basi ingekwisha hivyo kama si afisa mmoja kijana, mtu wa bara, aliyekwenda mwenyewe kutazama akakuta majani ya kando ya njia, kwa upande wa nyumba, bado ni mabichi. Moto gani unaruka njia na majani bila kuyagusa, ukatua juu ya paa? Akauliza kama bibi aliwahi kutishwa. Akaambiwa kuna fomu Kwale. Akaja nayo kwangu.

Aliketi barazani, akanipa shikamoo ya kujifunza juzi juzi, akaifungua karatasi yangu juu ya goti.

"Mama, hapa umeandika maneno yasiyofaa. Yalikuwa maneno gani?"

Nikamwambia ni matusi. Akauliza matusi gani. Nikainuka kwenda kumtengenezea chai ambayo hakuiomba. Niliporudi alikuwa bado anangoja, kalamu iko tayari, na ikabidi nimwambie. Aliposikia sehemu ile ya siku ya kuchoma miwa aliacha kuandika. Hakunikemea, afadhali angenikemea. Alieleza taratibu tu kwamba shangazi akiyasema maneno hayo leo, baada ya moto, wakili wa upande wa pili atasema ameyatunga baada ya moto. Yangekuwa yameandikwa siku ile, yakiwa na dole lake, yangekuwa shahidi asiyeweza kutishwa na mtu yeyote. Nami niliyekuwa na kalamu mkononi nilimnyima.

Shangazi alikuwa ameshahamia kwangu. Alichokitaka ni kimoja, na alikisema kila asubuhi: kurudi kwake, kwenye kiwanja chake, na asirudi kwa kuombewa radhi na wazee bali kwa serikali kuwaambia wale watatu kwamba inajua walilolisema. Ikibaki ajali, atajengewa kibanda pale pale na kungoja miwa irefuke tena.

Afisa akasema tuandikishe maelezo mapya kituoni, ya shangazi na yangu, yote mawili kwa ukamilifu. Yatakuwa na nguvu kidogo, lakini si bure. Habari zikafika Ramisi kabla ya jua kupanda. Kaka yangu mkubwa akanipigia simu. Alianza kwa salamu ndefu, akaulizia mgongo wangu, kisha akasema mambo ya nyumbani yaishe nyumbani, nisiwavue nguo mbele ya wabara. Nilimwambia nguo wamejivua wenyewe. Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Nikakata simu, na hadi leo hajanipigia tena, na ninaumia kwa hilo, wala sitajidai siumii.

Kituoni shangazi alikataa kuandikiwa na mtu mwingine. Alimwambia afisa kwamba aliyeandika kwanza na aandike tena, aachwe arekebishe. Afisa akanipa kalamu na karatasi, akakaa kando akisikiliza.

Nilipofika mahali pa yale maneno niliinua kichwa. Shangazi alikuwa ananitazama moja kwa moja, si kama siku ile ya kikombe.

"Andika kama walivyosema," aliniambia. "Mimi nimeyasikia kwa masikio yangu. Karatasi itaona haya kuliko mimi?"

Nikaandika. Mchawi. Mvi zako. Pamoja nayo. Mwandiko haukuwa mzuri. Kisha ikaja kanuni ile ya kumsomea, na nilikuwa nimeisahau, yaani kwamba sasa ningelazimika kuyatamka kwa kinywa changu, mbele yake, kwa sauti, na askari wawili wakiwa mezani. Nilisoma. Nilipofika kwenye lile neno nilisimama, nikaanza sentensi upya, nikalitamka. Shangazi hakupepesa macho.

Afisa akasogeza kidau cha wino. Shangazi akautazama mkono wake wa kulia uliofungwa, akatoa wa kushoto chini ya leso, akachovya dole. Kabla hajalikandamiza alimgeukia afisa kijana, mtu wa umri wa mjukuu wake, akainamisha kichwa.

"Niwie radhi, mwanangu, nakupa mkono wa kushoto."

Yule kijana wa bara hakuelewa anaombwa radhi kwa nini. Mimi nilielewa, na nilishikwa na hasira iliyonifanya nisimame nikaketi tena: amechomewa nyumba, na bado adabu anayo yeye. Afisa alisema tu haidhuru, lakini hapo chini iandikwe sababu ya kutumia dole la kushoto.

Nikainama. Mkono wangu, kwa mazoea yake, ulikuwa umeshaandika *ana udhuru*. Nikayatazama maneno hayo mawili. Nikayakata kwa mistari miwili, nikatia sahihi kando yake, na chini yake nikaandika: *Dole la kulia limeungua.*

Nikamsomea na hilo pia.

"Ndiyo hayo," akasema shangazi, akatia dole.