Shingo ya Kumi na Nne

Wako watu Rumonge ambao hata leo wakipita mbele ya nyumba ya akina Feruzi hunong'ona kwamba humo alitoka mwanamume aliyemuuza mkwewe kwa kofia. Maneno hayo hayana miguu. Ramazani Feruzi hakumuuza mtu. Alikuwa fundi, mtoto wa fundi, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, na kama lipo kosa katika habari hii, basi ni hilo la malezi mema.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba mashua. Zilipovutwa mchangani, alipita ubavuni mwa kila moja na vidole viwili, taratibu, akitafuta mahali ambapo ubao umeachana na mwenzake, kisha akashindilia pamba na mafuta. Baba yake, mzee Feruzi, aliyefika ng'ambo hii ya ziwa na misafara kutoka Manyema, alimfundisha kuifanya kazi hiyo akiwa amefumba macho. Jicho hudanganywa na rangi, alisema mzee, lakini kidole hakina mtu wa kukidanganya.

Basi Wadachi walipojenga kambi ya malale kilimani, juu kidogo ya Rumonge, na kutangaza kwamba wanataka watu sita wa kufundishwa uganga wao, Ramazani alikwenda. Hakwenda kwa tamaa. Mwaka ule mtu akitembea kutoka Rumonge hadi Magara alipita nyumba nyingi zisizotoa moshi. Mitumbwi ilioza ufukoni kwa kukosa wa kuipiga kafi. Watu walianza kwa homa na kichwa, wakawa wakali kwa watoto wao bila sababu, halafu wakalala huku chakula kikiwa mdomoni, na mwisho hawakuamka.

Daktari wa kambi aliwaeleza wanafunzi wake kwamba ugonjwa huu, kabla haujapanda kichwani, hujificha nyuma ya shingo, chini kidogo ya sikio, ukiotesha tezi ndogo kama punje za kunde. Mtu akijulikana wakati huo, sindano huenda ikamfaa. Akijulikana baadaye, kazi inayobaki ni kumzuia asiangukie motoni. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa katika vidole vya mpapasaji.

Walijifunza kwa ngozi ya mbuzi. Daktari alitandika ngozi juu ya meza, chini yake akaficha kunde, njegere na changarawe, na kila mwanafunzi alipapasa akiwa amefungwa kitambaa machoni, akataja ni ngapi, za ukubwa gani, ngumu au laini. Wengine walikisia. Ramazani hakukosea hata mara moja. Mwenzake Athumani, mvuvi wa Magara aliyekuwa mtani wake, alimwambia mbele ya wote, "Wewe mwizi wa kuku, vidole hivyo ungevipeleka bandani usiku hata jogoo asingejua." Wakacheka hadi Daktari akagonga meza.

Hapa lazima ielezwe habari ya mkwe, maana waliozaliwa juzi hawaijui. Ramazani alikuwa amemwoa Esha, binti wa Bi Mwamini, mjane aliyekamua mawese na kuyauza sokoni, mwanamke aliyeheshimika toka ufukoni hadi milima ya Bugarama. Miaka mitano ya ndoa ile Ramazani hakuwahi kuuona uso wa Bi Mwamini wote. Alipokwenda kumsalimia alikaa nje, mgongo kwa mlango, na salamu zilipita kwa Esha. Wakikutana njiani yeye aliingia majanini mpaka mama apite, na mama alijivuta nguo mpaka kwenye pua. Hapakuwa na chuki ndani yake. Mkwe wa heshima ndivyo alivyokaa na mkwe wa heshima, na akina Feruzi waliishika mila hiyo kuliko wengi, kwa sababu wageni hutazamwa zaidi kuliko wenyeji.

Mtihani ulifanyika mwishoni mwa kiangazi. Daktari alimpangia kila mwanafunzi watu wake ishirini, ili mmoja asiibe jibu la mwingine. Watu hao alikuwa amekwisha kuwachoma shingoni kwa sindano nyembamba na kuyatazama maji yao katika darubini yake ya vidudu, hivyo alijua nani mgonjwa na nani mzima, na orodha ilikuwa mfukoni mwake. Kila mmoja alivalishwa kibati chenye namba. Mwanafunzi alitakiwa kupita, kupapasa, na kusema neno moja kati ya mawili, "ipo" au "hamna." Maneno mengine yalikatazwa. Asubuhi ile ile Bakari, mmoja wa wale sita, alikuwa amejaribu kueleza kwamba mtu fulani amevimba kwa sababu ya jino. Daktari alimwelekeza kwenye lango kwa kidole, na Bakari hakurudi tena katika kazi hiyo.

Zamu ya Ramazani ilikuwa ya mwisho. Katika watu wake ishirini, wa kumi na nne alikuwa ametoroka. Askari alitumwa barabarani kumleta yeyote, ili safu itimie. Alimkuta mwanamke anateremka na kibuyu cha mawese kichwani, akamtua kibuyu, akamvalisha kibati.

Ramazani alianza safu bila wasiwasi. Ya kwanza, hamna. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vile ubavuni mwa mashua. Alipomaliza wa kumi na tatu na kusogea, aliona nguo ya kaniki aliyoijua, imevutwa mpaka kwenye pua, na miguu yenye madoa mekundu ya mawese. Macho yake yakashuka yenyewe chini.

Waliosema baadaye kwamba angeweza kunena hawakusimama pale. Akisema neno la tatu, anafuata njia ya Bakari. Na hata kama asingejali kufukuzwa, kusema "huyu ni mkwe wangu" kungemfanya Daktari aje mwenyewe, aivute ile nguo, na kumshika Bi Mwamini shingo mbele ya askari na nusu ya soko waliokuja kutazama. Upande huu aibu, upande ule aibu kubwa zaidi. Kibati cha Bi Mwamini kiligonga shanga zake, tiki, tiki.

Ramazani alinyosha mkono. Vidole viwili vilipita juu ya nguo, upande mmoja na upande wa pili, vyepesi kama mtu anayepangusa vumbi juu ya msahafu. Havikuhisi kitu ila kaniki.

"Hamna," alisema, akasogea kwa wa kumi na tano.

Daktari alipolinganisha, watu kumi na tisa wa Ramazani walikuwa sawasawa na orodha. Huyu wa kumi na nne hakuwa katika orodha. Daktari akasema kwamba vidole visivyokosea mara kumi na tisa havitakosea mara moja, akaandika ishirini kwa ishirini. Akamvika Ramazani kofia nyeupe mbele ya watu. Bi Mwamini naye akapewa kibati kipya chenye chapa ya watu wazima, wasio na malale, kilichomruhusu kwenda sokoni na ziwani bila kusumbuliwa, na mwenye kibati hicho hakupimwa tena mpaka Daktari arudi. Siku tatu baadaye Daktari alipanda mashua akaenda Usumbura.

Bi Mwamini alikivaa kibati kama pambo. Alimtuma binti yake ampelekee mkwewe salamu kwamba ameutunza uso wa mama, na Mungu atautunza wake. Ramazani alipoletewa salamu hizo alishindwa kumaliza ugali.

Mvua za kwanza zilipoanza, Esha alirudi kutoka kwa mama yake. Alisema mama amemtukana jirani waliyekaa naye miaka ishirini. Juma lililofuata alisema mama anaumwa kichwa. Halafu akaja siku moja nguo zake zikinuka mafuta yaliyoungua.

"Baba Asiya," alisema, "mama amelala na mwiko mkononi. Chungu kizima cha mawese kimeshika moto, na yeye iko amelala tu."

Ramazani alichukua kunde tatu, akazipanga juu ya paja lake, akazifunika kwa ngozi. Akaushika mkono wa mkewe, akaufundisha alivyofundishwa yeye. Bonyeza kidogo, zungusha, usikimbilie. Esha alijifunza mchana mmoja. Kesho yake alikwenda kumsuka mama yake nywele, na aliporudi alichota kunde kutoka kwenye ungo, akaziweka kiganjani mwa mumewe. Zilikuwa nne.

Alfajiri iliyofuata Ramazani alipanda kambini. Daktari hayupo, yuko sajini wake, Mdachi mwenye ndevu nyekundu aliyeshika funguo za dawa. Ramazani alivua kofia akamwambia kwamba mwanamke fulani mwenye kibati cha watu wazima ni mgonjwa, na apigwe sindano sasa, kabla ugonjwa haujapanda kichwani. Sajini alifungua kitabu, akapitisha kidole mpaka namba kumi na nne.

"Umempima wewe," alisema. "Hamna. Ishirini kwa ishirini."

"Nilikosea, Bwana."

"Wewe hukosei. Imeandikwa."

Ramazani akaeleza, mara hii yote, kaniki na vidole na mkwe. Sajini alisikiliza huku akitabasamu. Yeye alikuwa ameona mengi, alisema. Kila mtumishi wa kambi ana mama, ana shangazi, ana mkwe, na wote ghafla wanakuwa wagonjwa, kwa sababu mgonjwa wa kambini hupewa posho ya maharage na samaki. Akakifunga kitabu. Ramazani alimwomba sajini ampapase mwanamke huyo yeye mwenyewe. Sajini akasema hiyo si kazi yake. Kazi ya kupapasa ni ya waliofaulu.

Ramazani akamwendea Athumani, na mtani wake huyo, bila mzaha wowote siku hiyo, alishuka, akaomba radhi mlangoni kwa Bi Mwamini, akapapasa, akatoka akisema, "Ipo." Walipanda tena wawili. Safari hii sajini hakutabasamu. Aliwauliza kama wanataka vibati vyote vya Rumonge vikusanywe, na wapapasaji wote wachapwe viboko kwa udanganyifu. Athumani alikuwa na watoto watano. Walishuka kilima.

Iliyobaki ilikuwa kungoja, na kungoja kulichukua miezi minne. Kila asubuhi Ramazani alivaa kofia nyeupe akaenda kupapasa shingo za watu wengine, akawaokoa baadhi yao, kwa kuwa vidole vyake kweli vilikuwa vizuri, na kila jioni Esha alimweleza mama amefika wapi. Mwezi wa kwanza aliweza bado kutwanga. Wa pili alianza kwenda kwa kuyumba. Wa tatu alimwita Esha kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Katika siku hizo Ramazani alikwenda kwa mwalimu Kassimu aliyefundisha watoto Kurani, akamuuliza kama mtu anaweza kuomba toba kwa kutogusa. Mwalimu alimtazama kwa mshangao. Akamwambia kwamba kwa sheria ya dini mama mkwe ni maharimu, kama mama aliyekuzaa. Ungeweza kumshika mkono, kumbeba mgongoni, kumpapasa shingo mchana kweupe, na usingeandikiwa dhambi.

"Hiyo nyingine ni mila tu, mwanangu," alisema mwalimu.

Ramazani alisema ahsante, akaenda zake. Ingekuwa heri asingeuliza.

Daktari aliporudi, Ramazani alimngoja ufukoni, miguu ndani ya maji. Siku hiyo hiyo sindano ilichomwa, na vidudu vikaonekana katika darubini, vingi, vikichezacheza. Daktari aliuliza namba hii ilipimwaje. Ramazani akanyosha vidole viwili, akavipitisha juu ya mkono wa koti la Daktari, vyepesi.

"Kwa nini hivi?"

"Ni mkwe wangu."

Daktari hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliomba aelezwe mkwe ni nani, akaelezwa. Ramazani akaiweka kofia mezani na kuomba alama zake zifutwe. Daktari akasema hesabu za mtihani zimekwisha kupelekwa Daressalama, zimechapishwa, haziwezi kuondolewa. Na watu wa kupapasa ni wachache. Akamrudishia kofia.

Bi Mwamini alilazwa katika nyumba ya mwisho ya kambi. Alidungwa dawa kila baada ya siku kumi, na kwa kuwa Bakari alifukuzwa na wengine walikuwa Magara, mwenye kumdunga alikuwa Ramazani. Dawa ile ilikuwa na ubaya wake: iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Baada ya sindano ya tano Bi Mwamini aliuliza kwa nini hawawashi taa, na ilikuwa saa sita mchana.

Akili ilikuwa imekwisha kumtoka. Hakumjua Esha, hakujua mawese ni nini, alikula udongo akiachwa. Wagonjwa wengine wa hali ile walitupa nguo zao wakakaa uchi, na hakuna aliyewalaumu. Lakini kila Ramazani alipofika mlangoni na kusema hodi, ule mkono uliokonda uliinuka polepole, ukatafuta upindo wa kaniki, ukaivuta mpaka kwenye pua. Naye alingoja nje, mgongo kwa mlango, sindano mkononi, mpaka amalize kujifunika. Halafu akaingia.

Ilikuwa hivyo mpaka siku aliposema hodi mara tatu, akageuka, na kaniki ilikuwa imebaki kifuani, haikuvutwa. Akauona uso wote. Akainama, akaivuta yeye.