Sarafu ya Nyanya Isiyokuwa na Mfalme

Harufu ya ndimu na majivu ndiyo iliyoniamsha kila Jumamosi katika nyumba yetu ya mtaa wa Ziwani. Nyanya yangu, mama mzazi wa Baba, aliketi kwenye kigoda mlangoni, akakata ndimu, akaichovya kwenye majivu ya jiko, kisha akasugua kipande cha shaba cha duara, karibu ukubwa wa kifuniko cha soda, mpaka king'ae. Akimaliza alikifunga kwenye pindo la leso yake. Babu, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Msimamizi wake Mwingereza alipokuwa akirudi kwao alimwachia kipande hicho, akamwambia ni pesa ya kale ya Uingereza. Babu alimpa Nyanya siku hiyo hiyo. Hatukuwa na picha ya Babu hata moja. Hicho kipande cha shaba ndicho kilichobaki chake.

Nilikuwa na miaka kumi, likizo ya Agosti, wakati ule wa baridi ambapo akina mama walijazana bombani wakiwa wamejitanda leso mbili mbili. Akapita mtu aliyenunua fedha na sarafu za kale. Nyanya akafungua pindo lake, akasimulia ilikotoka, si kwa kutaka kuuza, alitaka tu kusifiwa. Yule mtu akaigeuza sarafu mara mbili.

"Mama, hii si pesa. Iko wapi sura ya mfalme? Hapa kuna mbuzi ananing'inia tu. Huyo mzungu alimchezea mzee wako."

Wanawake wawili watatu wakacheka, bila ubaya, lakini walicheka. Nyanya akairudisha sarafu pindoni, akajitwisha mtungi wake. Jumamosi iliyofuata niliamka peke yangu. Hakukuwa na harufu yoyote. Nilikuta sarafu ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati, pamoja na vifungo na sindano.

Baba alifanya kazi Industrial Area, eneo la viwanda, katika karakana ndogo ya kuyeyusha alumini na kutengeneza sufuria. Alikuwa mtu wa maneno machache na alikuwa ameacha shule darasa la tano. Jioni hiyo alikitazama kile kikombe kwa muda, akasema, "Baba yangu hakuwa mjinga." Kisha akaniuliza, "Kule maktaba unakoenda, kuna vitabu vya pesa?"

Nilimwambia huenda vipo, ila viko upande wa watu wazima, na watoto hawakuruhusiwa kuingia huko. Nilijua anachofikiria. Upande ule walikaa wanafunzi wa chuo na wanaume wa tai, na Baba alisoma Kiingereza polepole, kidole kikifuata neno.

Jumamosi alipotoka kazini alinawa mpaka kwenye viwiko, akavaa shati lake la kanisani, tukaenda kwa miguu. Mimi nilikaa upande wa watoto, nikimwona kupitia mlango wa kioo. Alimwendea mkutubi, mama mmoja mwembamba tuliyemwita Bi Zainabu, akatoa sarafu kwenye kitambaa. Bi Zainabu hakucheka. Alimletea kitabu kinene cha sarafu za dunia. Baba alifungua ukurasa mmoja mmoja akitafuta mnyama anayening'inia, mpaka kengele ya kufunga ikalia. Hakumpata. Wiki ya pili aliletewa kitabu cha sarafu za wafalme wa Uingereza. Hakumpata tena. Tulipokuwa tukirudi nyumbani niliogopa kuinua macho. Kama yule mtu wa bombani alisema kweli, nani angemwambia Nyanya?

Wiki ya tatu Bi Zainabu alitoka hadi mlangoni, akaniita na mimi. "Leo ingia, mtoto, ila usiongee." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, nimefikiri. Kama haina mfalme, tumekuwa tukitafuta kwenye vitabu vya wafalme bure. Zamani wafanyabiashara kule Uingereza walijitengenezea sarafu zao. Kuna kitabu cha sarafu hizo ghalani, hakuna anayekiomba. Lakini kimepangwa kwa majina ya miji. Mji wake ni upi?"

Hatukuujua. Miaka ya ndimu na majivu ilikuwa imefuta karibu maandishi yote. Baba akapitisha ukucha ukingoni mwa sarafu, akahisi herufi zilizochongwa humo, akasimama ghafla, akaomba sabuni. Bi Zainabu alileta kipande kutoka chooni. Baba akaibingirisha sarafu juu yake taratibu, akikandamiza, kama alivyokandamiza umbo la sufuria kwenye mchanga kazini. Herufi zikatokea kwenye sabuni, zimegeuka kinyume. Bi Zainabu akafungua pochi, akatoa kioo chake cha kujipodolea.

Baba alisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti iliyofanya wanaume wa tai wageuke. Maneno yalisema sarafu hiyo italipwa kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa mji wa Leeds. Kwenye kitabu cha kijani alichokitoa ghalani Bi Zainabu, chini ya jina la mji huo, tulimkuta mnyama wetu. Hakuwa mbuzi. Alikuwa kondoo, alama ya mji wa wafuma sufu. Bi Zainabu alitutafsiria: zaidi ya miaka mia mbili iliyopita pesa ndogo ziliadimika, watu hawakuwa na cha kununulia mkate, basi wenye biashara wakatoa sarafu zao.

Nyanya alisikiliza yote huku akichambua sukuma wiki. Baba alipomaliza, akauliza, "Kwa hiyo ni ya watu wa kazi, si ya mfalme?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi yule mzungu alimpa mtu aliyestahili," akasema, akaifunga kwenye leso. Kesho yake alikwenda bombani na mtungi ambao haukuhitaji maji, ili tu wale wanawake waione sarafu.

Baba hakuacha kwenda maktaba. Alisoma vitabu vya madini mpaka alipostaafu, kidole kikifuata neno.

Sasa naishi mtaa wa Njiru, na binti yangu ana miaka kumi. Akiokota kitu asichokijua anakipiga picha kwa simu, na jibu linakuja kabla sijavaa miwani. Sioni ubaya wowote. Wiki tatu za wasiwasi simtakii mtoto. Lakini mimi nilimwona baba yangu akiwa hajui kitu, akiuliza mbele ya watu, akikosa, akirudi tena. Binti yangu alikuwa hajawahi kuniona hivyo. Juzi aliniletea hesabu zake, kwa mazoea nikanyoosha mkono kuchukua simu, kisha nikauweka mezani. "Hii siijui," nikamwambia. Alinitazama kwa mshangao, halafu akatabasamu na kuvuta kiti karibu yangu.