Mzee Aliposema Banda

Baiskeli nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu wawili, miaka ile ya tisini, na sioni haya kusema. Mzee wangu alikufa akaiacha imening'inia kwa ukuta wa jikoni, nyeusi, nzito, ya kiume. Nikasema haitaota kutu na mimi miguu ninayo. Wiki moja tu nilizunguka uwanja wa shule, kwa tambarare. Kilima sikuwa nakijua. Na kupanda kutoka chini sikuweza, kwa sababu lile bomba la juu na rinda langu havikupatana. Nilikuwa nasimama juu ya jiwe, natupa mguu, naenda. Nikishuka, basi, mpaka nitafute jiwe lingine.

Asubuhi hiyo mjukuu wangu mdogo, wa miezi minane, aliamka akiwa moto kama sufuria. Kufika saa mbili macho yalikuwa yamegeuka meupe, mwili umekakamaa kama kuni. Mama yake alikuwa kwa estate, anachuma chai. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari. Hospitali iko Kaplong, upande kilima, kisha uteremke. Kwa miguu ningefika na maiti. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Nikamfunga mgongoni kwa shuka mbili, nikapanda kwa jiwe la mlangoni, nikaenda.

Kilima kikanimaliza mapema. Magoti yanawaka, kifua kinalia kama pampu iliyotoboka. Sikuongea na Mungu kwa heshima siku hiyo. Nilimwambia, "Huyu humchukui. Umemchukua babu yake, inatosha." Mgongoni hakuna sauti. Heri angelia.

Katikati ya kilima, mzee jirani yangu, Mkipsigis, alikuwa amesimama na fimbo akilisha ng'ombe kando ya barabara. Akaniona nikiyumba. Akapiga kelele, "Banda, kogo! Banda! Banda!"

Kogo ni nyanya kwa lugha yao. Hilo nilijua. Lakini mimi ni mtu wa Kisii, nikisikia banda nasikia banda, na la kupimia majani ya chai lilikuwa pale kushoto, chini kidogo. Nikasema moyoni, lori ya kubeba majani iko! Nikakata kona, nikateremka mbio, kilima nilichokitolea roho nikakirudisha chote.

Hakuna lori. Hakuna mtu. Mizani inaning'inia peke yake. Nikaanguka kwa ubavu, nikilinda mgongo, na pale kwa matope nikalia kama mtu aliyekwisha kufiwa.

Mzee akafika akichechemea. "Kogo, umekuja kufanya nini huku?"

"Si umesema banda!"

"Ndio, nimesema banda! Banda mlima! Usisimame!"

"Na hii ni nini? Si ndiyo banda?"

Akaangalia mizani, akaangalia mabati. "Hii ni panda," akasema.

Siku nyingine ningecheka mpaka nijikojolee. Siku hiyo nilitaka kumpiga na fimbo yake.

Lakini banda lilikuwa na ngazi ya saruji, pale tunapopandishia magunia ya majani. Mzee akashika tandiko, nikapandia hapo. "Usitazame juu," akasema. "Tazama gurudumu. Na usiende moja kwa moja. Enda kama ng'ombe, pembeni, pembeni." Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza mbona hawapandi kilima wakinyooka. Nikaenda hivyo, kutoka mtaro huu mpaka mtaro ule. Mate yalikuwa na ladha ya damu. Sikutazama juu hata mara moja, mpaka pedali zenyewe zikawa nyepesi.

Sasa mteremko. Huo hakuna aliyenifundisha. Nilipita watu wa soko nikipiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" na mkono wa breki ukabaki umelegea, haushiki kitu. Nikaingia kwa ua wa miti wa hospitali, kichwa mbele, miguu juu.

Nesi akaja mbio. "Nyanya! Nani mgonjwa hapa, wewe ama mtoto?"

Mgongoni kitu kilishtuka, kikavuta pumzi, kikalia. Tangu asubuhi alikuwa hajalia.

"Mbembeleze," nesi akasema akifungua shuka.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache alie."