Mtani wa Handakini

Juzi umeme uliporudi, mjukuu wangu alizima kibatari, na harufu ile ya utambi ikanirudisha Korogwe, chini ya ardhi, nikiwa darasa la nne, nimeng'ang'ania sketi ya mwenzangu wa mbele.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mwalimu alitutoa Sindeni kwa lori la kijiji tukauone ukoloni kwa macho yetu. Wajerumani walikuwa wameacha jumba la mawe, na chini yake handaki refu la kufichia mizigo ya vita. Mwenye funguo na wa kututembeza alikuwa Mzee Kasanda, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, asirudi kwao tena. Alitungoja mlangoni na kandili yake.

"Haya, Wazigua," alisema, "inameni. Humu mna babu zenu, msiwakanyage."

Wenzangu walicheka. Mimi niliamini. Bibi aliyenilea, baba yake, Semkiwa, alichukuliwa na Wajerumani hao hao kubeba mizigo, asionekane tena. Bibi hakukubali kumsomea hitima. Alisema huwezi kumzika mtu ambaye huenda yuko njiani. Kila jioni alikaa kizingitini akiitazama njia ya Korogwe. Basi nikamvuta yule mzee kanzu, nikamuuliza babu Semkiwa yuko upande gani.

Aliinua kandili, akanitazama kidogo. "Semkiwa? Yule mvivu! Yuko nyuma ya ukuta huu, ameulalia mzigo wangu. Mwambie bibi yako alete kuku, nitamfungulia."

Yaliyofuata sikuyasikia. Kuta zilitoka jasho, popo walinuka, Mwalimu akihubiri unyonyaji huko mbele. Nilibandika sikio ukutani nikasikia mtu akihema. Nilipoziba mdomo, naye akanyamaza. Sikujua nifurahi au nikimbie.

Nyumbani nilimweleza Bibi yote, pamoja na kuku. Aliacha kutwanga.

"Huyo mzee kabila gani?"

"Mnyamwezi, Bibi."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa khanga, akabaki ameishika usoni. Nilikasirika. Babu yuko ukutani, naye anacheka!

Ijumaa iliyofuata alimsomea baba yake hitima, na alimtuma mjomba akamwite Mzee Kasanda. Dua ilipokwisha, mzee yule aliingia uani anapepesuka, gunia la majani makavu kichwani, akajibwaga mbele ya Bibi. "Nimefika, mwanangu! Nimechoka. Nani atanitua?"

Watu waliangua kicheko, hata shehe. Bibi aliinuka, akamtua lile gunia kwa mikono miwili.

"Karibu, baba," alisema. "Umechelewa sana." Kisha akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mimi nilijificha nyuma ya mtungi, nisielewe nani amefika na nani amefariki.

Utani wa Wazigua na Wanyamwezi niliujua ukubwani. Ndugu zake Bibi walikuwa wamemfariji miaka yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba baba yake amekufa. Mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa hiyo, na hata yeye ilibidi aje na gunia.

Kuku Mzee Kasanda alipewa; aliondoka naye kwapani akilalamika kuwa amekonda. Kesho yake jioni Bibi alikaa kizingitini kama kawaida, anachambua mchicha, ila safari hii njia ya Korogwe aliipa mgongo.