Kimya cha Boila

Kitabu alikiazima kwa wifi yake, mwalimu wa sekondari, aliyemkabidhi huku akicheka: "Hiki kina meno, wifi. Shauri yako."

Kweli kilikuwa na meno. Mama Boila, kama walivyomwita kwenye chumba cha kufulia cha hospitali alikohudumia boila, pipa la kuchemshia maji ya mvuke, alikuwa mtu wa riwaya za mapenzi. Hii ilihusu mji uliochimbwa ndani ya sayari nyingine, ambako sauti zilitoweka moja moja: leo kikohozi, kesho mlango. Wenyeji wala hawakushtuka. Kila kilichopotea walizoea kukikosa siku hiyo hiyo. Mwandishi alijitungia maneno, na hadithi akaianzia katikati. Ukurasa wa kwanza Mama Boila aliusoma mara nne, akatoka kapa. Lakini alikuwa mbishi. Kila mapumziko ya mchana alijikunyata kando ya mashuka, akakisukuma kitabu mstari kwa mstari, hadi ukurasa wa tisini mambo yalipomfungukia. Raha ikaingia, na hofu nyuma yake.

Nyumbani akaanza kutega sikio. Friji. Bomba. Pumzi za mumewe.

"Una nini wewe?"

"Nasikiliza kama bado zipo."

Alhamisi kazini, zikiwa zimebaki kurasa thelathini, aliinua kichwa ghafla. Kuna kitu hakipo. Mashine zilinguruma, maji yalipita, ila valvu ya usalama, ambayo kila baada ya muda hupiga chafya ya mvuke juu ya boila, ilikuwa kimya. Tangu lini? Hakujua.

"Mkuu, boila haipumui."

Mkuu wa zamu aliitupia jicho geji ya kupimia mvuke. "Mshale uko pale pale, mama. Hayo mavitabu yatakutia wazimu."

"Uko pale pale tangu asubuhi. Na moto nimeuongeza mara mbili."

Mama Boila hakungoja ruhusa. Alizima moto, akawatoa wote nje.

Fundi alipokuja kufungua, alikuta valvu imeziba kwa ukoko wa chokaa, geji imekwama, na ufa umezunguka nusu ya pipa. "Saa moja zaidi," alisema, "tungewaokota kwa koleo."

Hakuna aliyecheka. Mama Boila aliketi juu ya mashuka machafu.

Kitabu alikimaliza Jumapili. Mji ule haukuokoka. Jumatatu hospitali ilileta boila nyingine, kuukuu kuliko ya kwanza, naye akahamishia kiti chake kwenye mlango wa kutokea.